Kikao Kwenye Sofa Langu

Juzi tumemzika Mzee Mhina, na baada ya maziko, ukumbini Kingsbury, hapa London, nikasifiwa uongo mbele ya watu. Ndiyo maana naandika. Mimi si mtu wa kuandika, niliishia darasa la saba na kalamu naishika kama mwiko, lakini ukikaa ukasikia watu wazima wanasimulia maisha yako mbele yako, na kila kitu wamekigeuza chini juu, mkono unawasha wenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, sahani za pilau mapajani, sambusa zimeletwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka jirani. Akasimama Kocha Dominiki. Siku hizi anatembea na fimbo, ila bado anaongea kama yuko pembeni ya uwanja. Akasema, "Marehemu alikuwa na jicho. Mwaka ule sisi sote tulikuwa tunaangalia warefu na wafungaji. Yeye akamwona Salome. Sisi tulikuwa vipofu, jamani, mzee aliona!" Watu wakapiga makofi, wakageuka kuniangalia. Binti wa dada yangu aliyenifuata huku baadaye, binti aliyezaliwa hapa hapa, ambaye Kiswahili anakisikia lakini kinywani hakitoki, akaniegemea: "Wait, Auntie, you were actually good?"

Nikamwambia, "Kula pilau."

Jicho! Jicho gani? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mle ndani wakati wanajadili, nimebeba birika. Katika waliokuwa kwenye ile sebule tumebaki mimi na Dominiki tu. Mama Stella alirudi Mwanza akafia huko, Mzee ndiyo huyo tumemfukia, na kumbe Dominiki ameamua kubaki na hadithi yake peke yake. Basi na mimi nieleze ya kwangu, na majina nitayataja. Nimeishi nchi hii miaka mingi, nimesimama kwenye vyumba baridi mpaka magoti yameharibika, nimewahi kuondolewa kazini kwa ujumbe wa simu. Nimevuka yote hayo. Sina ninayemwogopa.

Timu yetu iliitwa Korongo, mpira wa kikapu, wanawake watupu. Tulikuwa manesi, walezi wa wazee, wapakiaji wa maghala, wanafunzi wawili watatu. Ligi yenyewe ilikuwa ya watu wa Afrika Mashariki walioko London, timu nne, na ilikuwa na utaratibu wake. Msichana mpya hakuruhusiwa kujiendea timu anayoitaka. Wapya wote walikusanywa, wakachezeshwa, wakatazamwa kwa wiki kadhaa, halafu ikaja Siku ya Kuchagua: timu iliyoshika mkia inataja jina la kwanza, inafuata ya juu yake, mpaka mwisho. Utaratibu huo uliletwa ili timu ya Stratford iache kubeba kila mwenye kimo. Anayetajwa, ametajwa. Asiyetajwa na mtu anasubiri mwaka mwingine. Mwaka nilioingia mimi, Korongo walikuwa wameshika mkia, kwa hiyo jina la kwanza lilikuwa lao, na mji mzima ulikuwa unasubiri kuona watamtaja nani.

Sasa, Korongo walikuwa na kitu ambacho timu nyingine hazikuwa nacho: nyumba. Nyumba ya kupanga, Hayes, ya wachezaji wasio na ndugu, kodi mnachangiana. Desturi ilikuwa kwamba jina la kwanza linapewa kitanda kikiwepo. Na mwaka ule kilikuwepo kimoja, chumba cha nyuma, karibu na dirisha, baada ya dada mmoja kuolewa na kuhamia Birmingham. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana nani ana mkono mzuri na nani anaruka juu zaidi, elewa kwamba chini ya maneno hayo kulikuwa na godoro. Wao walikuwa wanaona kikapu. Mimi nilikuwa naona godoro.

Kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa nalala kwenye sofa la Mama Stella. Huyu alikuwa mweka hazina wa timu, mtu wa kanisani kwetu, na alinipokea nilipokuwa sina pa kwenda, hilo sitalikana. Flati yake ilikuwa juu ya duka la mapazia, chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko lisilo na mlango. Mlango uling'olewa na mpangaji wa zamani, zikabaki bawaba tu ukutani, kwa hiyo neno likisemwa sebuleni unalipata jikoni limekamilika. Sebuleni kulikuwa na meza ya kioo, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, picha ya Stella amevaa joho la kuhitimu, na hilo sofa. Sofa la watu watatu, rangi ya ugoro, limebonyea katikati. Asubuhi nilikuwa nakunja blanketi nalisukumia nyuma yake, na mto naupeleka chumbani kwa Mama Stella, ili mgeni akija asijue kwamba pale anapokaa pamelaliwa. Kazi yangu ilikuwa kiwanda cha kupakia chakula cha ndege. Unavaa koti la baridi na kofia ya nailoni, unaweka kipande cha kuku, kijiko cha wali, karoti tatu, unafunika, unasukuma, sinia kwa sinia, kwa ajili ya watu wanaopanda ndege kwenda huko ulikotoka wewe. Shifti yangu ya Jumamosi ilikuwa ya usiku. Jumapili asubuhi nilikuwa natoka kazini naunganisha kanisani, kwa sababu huwezi kulala nyumbani kwa mtu halafu umwache aende kanisani peke yake. Tukirudi, mwili wote unadai kitu kimoja. Na hapo ndipo kengele ya mlangoni inapolia.

Ilikuwa kamati. Kila Jumapili ya msimu ule, baada ya chakula cha mchana, kamati ya Korongo ilikuja kujadili wasichana wapya, na walijadili wakiwa wamekaa juu ya kitanda changu. Mzee Mhina, mwenyekiti, alikaa katikati pale pabovu, anazama mpaka magoti yanakuwa juu ya kiuno. Alikuwa mtu wa Tanga, mstaafu wa posta, suti ya kijivu hata kwenye joto. Dominiki alikaa kwenye mkono wa sofa kwa sababu hakuweza kutulia. Kila akitaja mchezaji lazima ainuke aonyeshe alivyofanya, anadundisha mpira ambao haupo, anakwepa meza ya kioo. Mama Stella alikaa kwenye kiti cha jikoni. Mimi nilikuwa nakaanga chapati. Macho yalikuwa yanajifunga yenyewe huku kisu cha kugeuzia kiko mkononi.

Sasa nieleze kwa nini kikao cha watu watatu kilichukua Jumapili zote zile. Mzee Mhina alikuwa na sheria moja, aliyoileta kutoka vikao vya kwao. Hakuna kupiga kura. "Kura inagawa watu," alikuwa anasema. "Tunakaa, tunaongea, mpaka wote tuna neno moja." Sawa, ni jambo zuri kwa watu wenye mashamba na nafasi. Lakini hapo kulikuwa na tatizo la pili. Dominiki, Mkenya wa Kisumu, mtu anayeweza kumtukana refa mbele ya mchungaji, akiwa mbele ya Mzee Mhina hakuweza kusema hapana. Ulimi ulijikunja. "Ni wazo zuri sana, mzee," alianza kila mara, "ila..." Na Mzee naye, kwa kuwa aliona si adabu kumvunja kocha moyo, hakuweza kumkatalia. "Nimekusikia, kocha," alijibu. "Tutaliangalia." Basi wakakaa hapo, huyu na ila yake, huyu na tutaliangalia yake, na hakuna siku waliyowahi kugombana. Wangegombana wangemaliza. Mimi ningelala.

"Josephine," Mzee alianza, Jumapili ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata. "Mtoto akisimama chini ya kikapu mpira unamdondokea wenyewe. Akiingia kanisani anainama. Mtu kama yule tutampata wapi tena?"

"Ni mrefu, mzee, hakuna ubishi. Ni wazo zuri sana. Ila mpira ukimfikia anaushika kama sufuria ya moto. Na vile anakimbia? Mpaka afike upande ule wengine washarudi kunywa maji."

"Atafundishwa."

"Atafundishwa na nani, mzee?"

"Si wewe ndiye kocha?"

Mama Stella alicheka, Dominiki hakucheka. Akainuka kwenye mkono wa sofa. "Mimi nasema Mwanaidi. Huyo msichana ana mkono. Mpe kona yoyote, fumba macho, utasikia nyavu tu, shwaa!" Akarusha mpira ambao haupo kuelekea picha ya Stella.

"Mkono anao," Mzee akasema taratibu, akipuliza chai. "Lakini yule ukishampa mpira umeuaga. Hatoi. Nilimwangalia juzi, wenzake wamenyoosha mikono mpaka imechoka wameiteremsha."

"Sasa atampa nani pasi, mzee? Josephine?"

"Nimekusikia, kocha. Tutaliangalia. Mama Stella, hii chapati ni ya nani? Ina mkono."

"Ni ya Salome."

"Mwambie asante."

Nilikuwa nimesimama mbele yake na birika. Nasema kweli tupu.

Mama Stella, Mungu amrehemu, alijaribu. Ilikuwa Jumapili ya mvua, madirisha yametoka jasho, wameshamaliza maharage na kurudi pale pale walipoanzia. Akasema, kama mtu anayeuliza bei tu, "Na Salome je?"

"Salome yupi?" akauliza Mzee Mhina. Kikombe nilichompa hata hakijafika mdomoni.

"Huyu hapa. Si naye ni mmoja wa wapya? Mmemwona mazoezini."

Wakaniangalia wote wawili, kwa mara ya kwanza nadhani, kama watu walioambiwa kumbe kile kiti ni cha kukunja. Dominiki akakuna kidevu. "Anakimbia. Hiyo nitasema. Anakimbia kama mtu ameacha gesi inawaka nyumbani. Ila ukimuuliza anakimbilia wapi, hajui."

"Ni binti mzuri," akasema Mzee. "Ana adabu. Hana ubaya."

"Eh, hana ubaya," akasema Dominiki.

Hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana tangu vikao vianze, na hawakuligundua. Wakarudi kwa Josephine. Mimi nikarudi jikoni nikafungua bomba nioshe vyombo, maji yapige kelele. Wiki ile ile Mama Stella akaniita nimsaidie kukunja mashuka. Alikuwa ananiambia maneno magumu wakati wa kukunja mashuka, kwa sababu mtu unakuwa umeshika kona zako mbili na huwezi kuondoka. "Salome mwanangu," akasema, "mdogo wangu wa Mwanza amepata viza. Akifika atahitaji pa kulala. Nikawaza, mpaka Siku ya Kuchagua, pengine na wewe utakuwa..." Hakumaliza. Hakuwa mtu wa kumaliza sentensi za namna hiyo. Tukakutanisha kona zetu, akachukua shuka, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo nilipokuwa mazoezini nilikuwa nakimbia kweli. Josephine na Mwanaidi nilikuwa nawaona pale pale uwanjani, lakini hatukuongea hata siku moja. Tulikuwa tunatazamana pembeni, kama watu waliokaa foleni moja kusailiwa kazi moja. Ningejua, ningewasogelea. Lakini hilo nitalifikia.

Siku ya Kuchagua ilifanyika kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule moja Kingsbury. Katibu wa ligi alikuwa Bwana Hasmukh, mzaliwa wa Mombasa, mwenye duka la vyombo pale barabarani, na alikuwa katibu kwa sababu ni yeye peke yake aliyepewa ufunguo wa ukumbi. Alikaa nyuma ya meza ndogo na termosi yake ya chai. Sisi wapya tulisimama ukutani. Timu nne zilikaa kila moja na benchi lake. "Haya, Korongo," akasema Bwana Hasmukh. "Jina."

Nikamwona Mzee Mhina amemwinamia Dominiki. Nikamwona Dominiki anatikisa kichwa juu chini, maana yake ni wazo zuri sana, halafu midomo ikafanya ile ila. Wapi! Walikuja hawana jina! Jumapili zote zile, chapati zote zile, na walikuja mpaka Kingsbury hawana jina.

"Mzee Mhina," akasema Bwana Hasmukh baada ya muda, "nyinyi mwataka mpaka lini? Nimemwacha mke wangu dukani peke yake na leo ni Jumamosi."

"Kidogo tu, Bwana Hasmukh. Tunawekana sawa."

"Mwawekana sawa toka mwezi gani?" Watu wa benchi la Stratford wakacheka. Bwana Hasmukh akafungua termosi, akamimina kikombe, akakiweka mezani wote tukione. "Mimi nanywa chai yangu. Nikimaliza hamna jina, zamu yaenda kwa mwingine."

Akanywa. Sijawahi kumwangalia mtu akinywa chai namna ile. Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia koo lake. Dominiki alikuwa ananong'ona kwa nguvu mpaka tunamsikia ukutani, "mkono, mzee, mkono," na Mzee anajibu, "kimo, kocha, kimo," na Mama Stella katikati amefumba macho kama anayesali. Bwana Hasmukh akainamisha kikombe kwa funda la mwisho. Mzee Mhina akasimama haraka, suti imekunjamana, akaangalia huku na huku kama aliyedondosha kitu, na akasema: "Salome."

"Salome yupi?" akauliza kocha wa Stratford. Mara ya pili hiyo.

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Hakuna jicho. Mzee hakuweza kumtaja Josephine kwa sababu kocha angeumia, na hakuweza kumtaja Mwanaidi kwa sababu yeye mwenyewe angeumia, akataja jina pekee ambalo hakuna aliyewahi kulipinga, na halikuwahi kupingwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuliwaza. Dominiki alikaa na sura ya mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Stratford, ambao msimu uliopita walikuwa juu yetu kwa hatua moja tu, hawakusubiri hata Mzee akae, wakamtaja Mwanaidi. Timu ya pale pale Kingsbury ikamtaja Josephine. Na mimi? Watu wengine wangeona aibu. Mimi nilikuwa nahesabu nguo zangu kichwani, zitaingia kwenye mfuko mmoja au miwili.

Kitanda kilikuwa kizuri. Godoro lilikuwa na shimo upande mmoja, dirisha halikufunga vizuri, ndege zilikuwa zinapita juu karibu kabisa mpaka glasi zinalia kabatini, na dada tuliyekaa chumba kimoja, nesi wa Nakuru aitwaye Roda, alikuwa anakoroma kama amelipwa. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilipanda juu, nikafunga mlango, nikalala mchana kutwa, na hakuna mtu aliyeniomba chai. Nikiulizwa nini kilinifanya niwe mtu nchi hii, sisemi mpira. Nasema ule mlango.

Lakini mpira nao ulikuwepo, na tulifungwa. Tulifungwa na kila mtu. Josephine, yule wa sufuria ya moto, alisimama chini ya kikapu chao na kila tulichorusha alikirudisha, hata hakuruka. Kila tukifungwa, Mzee Mhina alikuja sebuleni kwetu Hayes akasema, "Tungekuwa na Josephine leo." Dominiki akajibu, "Ni kweli kabisa, mzee, ila tungekuwa na Mwanaidi tusingemhitaji Josephine." Nami nimekaa pale pale kati yao nafungua viatu. Hawakunilaumu hata mara moja, na usifikiri hilo ni wema. Kumlaumu mtu ni lazima kwanza umwone. Mimi nilikuwa ushahidi tu. Kila mmoja alikuwa ananinyooshea kidole ili kumwonyesha mwenzake kosa lake, kwa heshima zote, bila kugombana.

Halafu ikaja mechi na Stratford. Wachezaji wetu wawili walishikwa kazini, Dominiki hakuwa na mtu, akaniambia, "Wewe. Mwanaidi akienda chooni, nenda naye." Basi nikaenda naye. Nilimkimbiza mechi nzima. Sikugusa mpira, sikuutaka, nilikuwa namwangalia kitovu tu, akienda kushoto nipo, akienda kulia nipo. Yule binti alizoea watu wasimame wamwogope. Kufika katikati ya mechi akanigeukia, jasho linamtiririka, akasema, "We dada, hukuja na mtu wa kucheza naye?" Nikamwambia, "Nimekuja na wewe." Nyavu hazikusema shwaa siku hiyo. Tulifungwa, lakini kidogo tu, na kwa Korongo ya mwaka ule ilikuwa kama harusi. Nilitoka uwanjani, nikawasikia wawili wale pembeni. "Umeona, kocha?" akasema Mzee. "Niliwaambia tumchukue huyu." Na Dominiki: "Ulisema, mzee, ni kweli. Ila ni mimi nilimwambia amkabe Mwanaidi." Wamekuwa wakiisimulia hadithi hiyo tangu siku ile, na juzi imezikwa na marehemu akiwa mshindi.

Tulishika mkia tena, na mwaka uliofuata wakaanza upya, mtindo ule ule. Safari hiyo walikaa kwenye sebule yetu, maana sofa la Mama Stella lilikuwa na mdogo wake wa Mwanza. Nilisikia "ni wazo zuri, mzee" ya kwanza nikapanda juu.

Haya. Turudi ukumbini. Dominiki amemaliza kusema uongo wake, watu wanakula, na mtu akaja kukaa karibu yangu, mwanamke mrefu, nywele zimeingia mvi, goti moja limefungwa bandeji. "Hunikumbuki," akasema. Nikainua macho, nikazidi kuyainua. Alikuwa Josephine. Tukashikana mikono, na kwa mara ya kwanza maishani tukaongea. Nikamwambia, kwa utani wenye uchungu, kwamba kitanda kile kilikuwa kiwe chake.

"Kitanda kipi?"

"Cha nyumba ya Korongo. Walibishana juu yako msimu mzima."

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Mimi? Dada, mimi nilikuwa na chumba changu hapa Kingsbury kwa dada yangu. Na chuo kilikuwa hatua chache tu. Hayes ningekwenda kufanya nini? Nilikuwa nasali wasinitaje. Nilishamwambia dada, Korongo wakinitaja naacha mpira."

"Na Mwanaidi?"

"Mwanaidi ana kaka wanne! Wangemruhusu alale nyumba ya watu wasiowajua Hayes? Yeye alikuwa anasubiri Stratford tu, ni karibu na kwao. Alikuwa anasema wazi."

"Kwa nini hamkuwaambia?"

"Nani alituuliza?"

Nikaweka sahani chini. Jumapili zote zile! Watu wawili wazima wanabishana nani apewe kitanda kati ya wasichana wawili wasiokitaka, wamekaa juu ya kitanda cha yule anayekitaka, anawamiminia chai. Na dawa ilikuwa swali moja. Unavuka uwanja, unamwendea mtoto wa watu, unamuuliza: binti, utakuja? Basi. Hawakuuliza kwa sababu mchaguliwa haulizwi, mchaguliwa anashukuru. Na asiyechaguliwa anakaanga chapati.

Hapo mjane wa marehemu, Mama Mhina, aliyekaa mbele na kanga nyeusi mabegani, akanyoosha mkono. "Salome mwanangu. Na wewe sema neno. Mzee alikuwa anakutaja sana." Nikasimama. Nakuambieni, nilikuwa nalo tayari, lote, chai ya Bwana Hasmukh na "Salome yupi" zote mbili, lilikuwa mdomoni linachemka. Binti wa dada yangu ameshatoa simu anirekodi. Nikamwangalia yule mama. Macho yamevimba, anatabasamu, anasubiri kusikia kwamba mume wake aliona kitu. Dominiki naye amekaa kiti cha mbele kabisa, kikombe mkononi, anatikisa kichwa juu chini hata kabla sijafungua mdomo.

Nikasema, "Mzee Mhina alikuwa mtu wa adabu. Hakuwa na ubaya."

Watu wakaitikia, amina, amina. Mama Mhina akapangusa machozi, akasema, "Kweli kabisa." Dominiki peke yake hakuitikia. Kichwa kiliacha kutikisika. Aliweka kikombe sakafuni, taratibu, akaniangalia muda mrefu, na niliona neno lile linamrudia kutoka mbali, kutoka juu ya duka la mapazia. Halafu Dominiki akashika fimbo yake, akasukuma, magoti yakamlilia, akainuka kwenye kiti chake na kunionyesha kwa mkono nikikalie. Hakusema ila.

Sikumwambia asante. Nikakaa.